Jicho linapokosea neno: Hatari ya majina ya dawa yanayofanana

Hebu nianze na kisa kilichotokea miaka kadhaa iliyopita. Jamaa mmoja mkazi wa Kaloleni hapa Voi alipokea kijikaratasi kutoka kwa dadake, aliyekuwa akimuuguza mama yao huko milimani. Simu ya dada ilikuwa imezima kwa kukosa chaji. Kwa hivyo aliandika ujumbe kwa kalamu akampa utingo wa matatu iliyokuwa ikiteremka mjini. Ujumbe wenyewe ulikuwa na maneno matano tu: "Mama anakula sasa. Njooni kesho." Jamaa aliutazama mara moja, akaketi chini, kisha akawaita ndugu zake kwa sauti iliyowafanya majirani watoke nje. Yeye alikuwa amesoma, "Mama anakufa sasa." Jioni hiyohiyo walikodi gari, wakapanda mlima hadi hopsitali wakiwa wamebeba shuka mpya na pesa za kulipia mochari. Walimkuta mama yao ameegemea mto, bakuli la uji mkononi, naye akawauliza ni nani aliyefariki nyumbani hata wakaja usiku wote kwa pamoja.

Mimi ndiye niliyekuwa zamu usiku huo. Tulicheka, na mama mwenyewe alicheka kutushinda. Lakini baadaye niliomba nionyeshwe ile karatasi. Herufi "l" ilikuwa imeandikwa kwa haraka, ina kitanzi kirefu, na kalamu ilikuwa imekwaruza kidogo katikati yake. Hata hivyo, mtu aliyeisoma kwa utulivu hangeikosea. Na jamaa huyu anajua kusoma vizuri sana. Ni karani, na gazeti halimpiti. Macho yake nayo nilimpima baadaye, nikayakuta mazima. Kilichomponza ni namna macho na ubongo wa kila msomaji, wewe na mimi tukiwemo, vinavyoshirikiana kulitambua neno.

Hilo ndilo ningependa tulizungumzie wiki hii, kwa sababu kosa lililoikosesha usingizi familia hiyo ndilo hilohilo linalomfanya mgonjwa apewe dawa ya ugonjwa asiokuwa nao.

Jicho huruka, halitembei

Wengi wetu hudhani kwamba tunaposoma, jicho hutambaa kwenye mstari herufi kwa herufi, kama siafu wanavyofuatana. Sivyo. Siku utakapopanda matatu ya Mwatate asubuhi, mtazame kwa siri abiria anayesoma gazeti. Utaona macho yake yakituama, yakiruka, yakituama tena. Daktari wa macho wa Ufaransa, Émile Javal, aliandika kuhusu miruko hiyo mwaka wa 1879, na vyombo vya kisasa vya kupimia vimeithibitisha. Kila kituo huchukua kama robo ya sekunde. Jicho likiwa hewani, ukiniruhusu niseme hivyo, halisomi kitu. Husoma pale tu linapotua. Kwa wasomaji wa Kiingereza, ambao ndio waliochunguzwa zaidi, mruko mmoja huvuka herufi kama saba hadi tisa.

Sababu ya kuruka ni kwamba sehemu ya retina inayoona kwa ukali ni ndogo mno. Nyoosha mkono wako mbele, utazame upana wa kidole gumba. Eneo hilo, kiasi cha nyuzi mbili, ndilo unaloliona kwa ukamilifu. Yaliyo kando hufifia. Tena kuna jambo jingine. Herufi zilizokaa karibu karibu huzuiana, kama abiria watatu waliobanwa kwenye kiti cha watu wawili. Herufi ya kwanza na ya mwisho zina nafasi tupu upande mmoja, na hii ni sababu mojawapo ya kuonekana kwa urahisi zaidi. Zile za katikati zimebanwa huku na huku. Mtu aliyepita umri wa miaka 40 ambaye ameanza kuliweka gazeti mbali na uso ili alisome (nami ni mmoja wao) huzipata kwa shida zaidi hizo za katikati.

Unadhani natia chumvi? Rudi kwenye aya ya kwanza, pale gari lilipopanda mlima. Neno "hospitali" limeandikwa "hopsitali". Ikiwa uliliona, hongera. Wengi hupita bila kushtuka. Nilimwomba mhariri asilirekebishe, naye akanitazama kwa mashaka.

Mwaka wa 2003 kulienea habari duniani kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge wamegundua kuwa mpangilio wa herufi hauna maana yoyote, mradi ya kwanza na ya mwisho ziko mahali pake. Huo ulikuwa uvumi tu. Keith Rayner na wenzake walilipima jambo hilo, wakatoa matokeo mwaka wa 2006. Herufi za katikati zilipovurugwa, kasi ya kusoma ilishuka kwa takriban asilimia 11. Zilipovurugwa za mwishoni, ilishuka kwa asilimia 26, na za mwanzoni, asilimia 36. Kwa hivyo mpangilio una maana yake, ila mwanzo wa neno ndio mlango tunaoingilia, na katikati ndipo jicho linaposamehe makosa mengi.

Majirani wa neno

Sasa tuingie ubongoni. Mwaka wa 1977 Max Coltheart na wenzake walipendekeza njia rahisi ya kupima jinsi neno linavyofanana na mengine: badilisha herufi moja tu, bila kugusa nyingine, kisha uhesabu maneno halali unayoyapata. Hayo ndiyo majirani wa neno hilo. Tuchukue neno letu "pata". Kwa kubadilisha herufi moja tunapata bata, kata, nata, tata, pita, peta, paka, pana, papa, pasa na paza. Huo ni mtaa uliojaa! Linganisha na neno kama "kiharusi", ambalo linaishi karibu peke yake.

Jicho linapotua kwenye "pata", ubongo hauamshi neno hilo pekee. Mtaa mzima huamka, na maneno hayo hushindana mpaka moja liyanyamazishe mengine. James McClelland na David Rumelhart walieleza hivyo mwaka wa 1981, na japo wataalamu wameendelea kubishana kuhusu mambo madogo madogo, wazo hilo la mashindano bado lina nguvu. Shindano lote huisha kwa sehemu ndogo ya sekunde, wala mwenyewe huna habari nalo. Neno linalotumika kila siku hupata nguvu mapema kuliko neno adimu. Neno unalolitarajia nalo huwa limefika nusu ya safari kabla jicho halijatua. Sawa na neno unaloliogopa. Yule jamaa wa Kaloleni alikuwa amelala siku nne akiogopa neno moja tu.

Kiswahili chetu kina ugumu wake hapa. Tazama orodha hii: anakula, anakufa, anakuja, anakupa, anakuta. Mwanzo ni mmoja, mwisho ni mmoja. Pale ambapo jicho huona vizuri zaidi hapana tofauti yoyote, na maana yote ya sentensi, uhai na mauti, imebebwa na herufi moja iliyobanwa ndani. Wazee wa Lamu na Mombasa walioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu walikuwa na shida ya namna nyingine. Huko, herufi za b, t na th hutofautishwa kwa nukta tu, na nukta ikimezwa na karatasi iliyozeeka msomaji hubaki kukisia.

Nami nikikaa hapa Taita naona mfano kila wiki. Pale Mwatate liko shamba kubwa la mkonge, Teita Sisal Estate, ambalo jina lake limebaki na tahajia ya zamani ya enzi ya ukoloni. Nimewauliza marafiki kadhaa waliopita hapo miaka nenda miaka rudi, nao wakaapa kwamba limeandikwa "Taita". Hawakudanganya. Macho yao yaliona "e", ubongo ukawasomea "a".

Mfano huo hauna madhara. Wenye madhara uko kwenye kabati la faili. Majina mengi ya wanaume wa Kitaita huanza kwa "Mwa-": Mwakio, Mwadime, Mwasi, Mwamburi, Mwambingu, Mwanyumba, Mwang'ombe. Ule mlango tunaoingilia neno, hapa ni mlango mmoja kwa nyumba zote. Muuguzi aliyekesha anatafuta faili ya Mwamburi, mkono unatoka na ya Mwambingu. Hata kijiji si msaada daima, maana kuna Mgange Nyika na kuna Mgange Dawida. Ndiyo sababu unapofika hospitalini hupaswi kuona ni usumbufu ukiulizwa majina yote matatu na tarehe ya kuzaliwa, hata kama anayekuuliza mlisoma naye. Usisubiri kuulizwa "Wewe ni Mwamburi?" ukaitikia tu. Taja jina lako mwenyewe. Mgonjwa mwenye homa huitikia jina lolote.

Baba au dada?

Hapa niwaombe radhi wasomaji wasio na watoto wadogo, maana kuna jambo moja ambalo wazazi huniletea mara kwa mara. Mtoto wa darasa la kwanza anasoma "dada" mahali palipoandikwa "baba". Mzazi anaogopa kwamba mtoto haoni vizuri, au ni mzito wa akili, na mara nyingine kiboko kimeshatembea kabla hawajafika kwangu.

Mtoto huyo anafanya kile ambacho ubongo wake umefundishwa tangu kuzaliwa. Mbuzi akigeukia upande wa Mombasa ni mbuzi, akigeukia upande wa Nairobi ni mbuzi yuleyule. Kikombe ni kikombe, mpini uwe kushoto au kulia. Leo mwalimu anamwambia kwamba alama hii ikigeukia kulia ni "b", na ikigeukia kushoto imekuwa kitu kingine kabisa, "d". Hakuna kingine maishani mwake chenye tabia hiyo. Kuzichanganya ni jambo la kawaida mpaka umri wa miaka saba au minane. Akizidi umri huo na bado anasoma kwa taabu kubwa, au anakisia neno zima kwa kutazama herufi ya kwanza, mpeleke apimwe macho na masikio kwanza, kisha uzungumze na mwalimu wake. Kuna watoto wenye akili timamu ambao ubongo wao huona ugumu wa pekee katika kusoma, nao husaidika wakifundishwa polepole silabi kwa silabi.

Sehemu ya ubongo inayosoma

Mwaka wa 1892, daktari Jules Dejerine wa Paris alieleza habari za mgonjwa aliyejikuta ghafla hawezi kusoma hata neno moja. Aliongea vizuri, aliwaona watu na vitu, na aliweza hata kuandika, lakini hakuweza kusoma alichokiandika mwenyewe. Baada ya kufa kwake ubongo ulichunguzwa, ukakutwa na madhara upande wa kushoto, nyuma. Zaidi ya miaka 100 baadaye, mwaka wa 2000, Laurent Cohen, Stanislas Dehaene na wenzao walitumia mashine za kupiga picha za ubongo kuonyesha sehemu ndogo ya chini, upande huohuo wa kushoto, inayofanya kazi mtu anapotazama maneno yaliyoandikwa. Hakuna anayezaliwa na sehemu hiyo ikiwa tayari kwa kazi hiyo. Ni shule inayoifundisha.

Ninalitaja hilo kwa sababu moja. Ukiwa na mzee nyumbani aliyezoea kusoma Biblia au Kurani au gazeti, naye asubuhi moja akasema kwamba herufi anaziona lakini maneno hayamwambii kitu, usimtafutie miwani mipya. Hiyo inaweza kuwa dalili ya kiharusi, hata kama mkono na mguu vina nguvu. Mpeleke hospitalini saa hiyohiyo.

Tembe nyeupe za Mzee

Sasa nifike kwenye dawa. Majina nitayaandika kama yalivyochapishwa kwenye pakiti, maana ndivyo utakavyokutana nayo.

Mzee mmoja mkulima kutoka Mbololo, mwenye kisukari kwa miaka tisa, alikuja kwangu akiwa amekonda. "Daktari, mwanangu," akaniambia, "chakula chote sasa kina ladha ya msumari." Usiku alikuwa akiamka mara tano kwenda haja ndogo. Nilimpima sukari nikaipata 22, wakati mtu asiye na kisukari huamka na kiwango kisichofika 6. Nilimuuliza kama ameacha dawa, akakasirika. Akatoa mfukoni bahasha ya kaki iliyokunjwa vizuri na kunionyesha kwamba amemeza bila kukosa, asubuhi na jioni, kwa wiki mbili. Ndani mlikuwa na tembe nyeupe. Nje paliandikwa "Metro 1x2".

Dawa yake ya kisukari ni metformin. Alichokuwa akimeza ni metronidazole, ile ambayo wengi wenu mnaijua kwa jina la Flagyl, inayotibu amiba na baadhi ya maambukizi ya bakteria. Metronidazole huacha ladha ya chuma mdomoni. Haipunguzi sukari hata kidogo.

Nilikuwa tayari kumlaumu kijana wa kemisti alikonunua. Ndipo Mzee akatoa na ile karatasi niliyomwandikia. Siku hiyo nilikuwa nimeona wagonjwa zaidi ya 40, na mkono wangu uliochoka ulikuwa umeandika "Metf. 1x2". Basi. Nguvu ya dawa sikuiandika, ugonjwa sikuutaja, na ile "f" haikuwa na kichwa wala mkia. Jiweke mahali pa yule kijana. Mwanzo wa neno ni "Met". Kwa siku nzima amekuwa akiuza metronidazole kwa watu wenye matumbo yanayosokota. Jirani mwenye nguvu alikwisha kushinda kabla jicho halijafika kwenye herufi ya nne. Kosa lilikuwa letu sote wawili, na langu ndilo lililotangulia.

Mzee alirudishiwa dawa yake na sukari ikashuka. Wengine hawana bahati hiyo. Kuna carbamazepine, ambayo ni ya kifafa, na carbimazole, ambayo ni ya ugonjwa wa tezi la shingo. Mwenye kifafa akipewa ya tezi, anaweza kuanguka kwenye moto wa jikoni. Kuna chlorpromazine, ya maradhi ya akili, na chlorpropamide, dawa ya kisukari ya zamani ambayo siku hizi hutumika kwa nadra. Ukimpa mtu asiye na kisukari hiyo ya pili, sukari yake inaweza kushuka mpaka azirai. Hebu yatazame majina hayo kwa haraka kisha ufumbe macho. Unakumbuka nini zaidi ya mwanzo wake?

Huenda ukauliza kwa nini watengenezaji wanayapa majina yanayofanana hivyo. Kwa sehemu ni makusudi, tena kwa nia njema. Tangu mwaka wa 1953 Shirika la Afya Duniani (WHO) limekuwa likichapisha majina ya kimataifa ya dawa, na dawa za ukoo mmoja hupewa kipande kimoja cha jina. Zinazoishia kwa "-olol", kama atenolol na propranolol, ni za ukoo mmoja unaotumika kwa shinikizo la damu na moyo. Kwa daktari huo ni msaada mkubwa. Kwa jicho lililochoka ni mtego.

Majina ya kibiashara nayo yana visa vyake. Huko Marekani, dawa ya asidi ya tumbo iliyoitwa Losec ilikuwa ikichanganywa na Lasix, ambayo huondoa maji mwilini. Mwaka wa 1990 ikabadilishwa jina ikawa Prilosec. Punde watu wakaanza kuichanganya na Prozac, dawa ya sonona.

Mwaka wa 2007 WHO ilipotoa mapendekezo tisa ya kulinda usalama wa wagonjwa, la kwanza kabisa lilihusu dawa zenye majina yanayofanana. La pili lilihusu kumtambua mgonjwa kwa usahihi, yaani ile habari ya faili za Mwamburi na Mwambingu. Njia moja iliyoanza kutumika Marekani mwaka wa 2001 ni kuandika kwa herufi kubwa ile sehemu ya jina inayotofautiana: metFORMIN, metroNIDAZOLE. Inapendeza kwa kuwa inalisukuma jicho likatue katikati, mahali ambapo lingepita mbio. Utafiti kuhusu faida yake umetoa majibu mchanganyiko, na mimi binafsi sidhani kwamba herufi kubwa pekee zitamwokoa mtu katika kemisti yenye foleni hadi barabarani. Kinachosaidia zaidi, kwa maoni yangu, ni sababu ya dawa kuandikwa kando ya jina lake. Kijana yule angeona neno "kisukari", amiba wasingepata nafasi hata kidogo.

Kwa hivyo, unapotoka kwa daktari, usiondoke kabla hujajua mambo mawili: jina kamili la dawa, na ugonjwa inaoutibu. Ukiona kifupisho kama "Metf." au mwandiko unaofanana na nyayo za kuku, mrudishie akuandikie upya. Hatakasirika, na akikasirika ni shauri yake. Kwenye kemisti usitaje jina la dawa pekee, sema, "Naomba dawa yangu ya kisukari, inaitwa metformin." Kisha lisome jina kwenye pakiti kwa silabi, kwa sauti, kidole kikifuata: me-ti-fo-mi-ni. Me-tro-ni-da-zo-li. Sisi tuliozoea lugha inayotamkwa kama ilivyoandikwa tunaiweza kazi hiyo kuliko Waingereza. Midomo hailiruki neno kama macho yanavyoliruka.

Kama macho yako yameanza kuchoka, uwe na miwani ya kusomea, na usome dawa mchana au chini ya taa ya kutosha. Kama hujui kusoma, au unamnunulia dawa mzazi asiyejua, beba pakiti ya zamani uilinganishe na mpya. Na tembe zako zikibadilika rangi, umbo au ukubwa, uliza kabla ya kumeza. Mara nyingi utaambiwa kwamba ni kampuni nyingine tu iliyoitengeneza. Ni sawa, lakini uliza. Nyumbani usiziweke dawa zenye majina yanayofanana kwenye kikopo kimoja, na usizihamishie kwenye chupa zisizo na jina.

Je, ikiwa tayari umemeza dawa isiyo yako? Acha kuimeza papo hapo. Usijitapishe, na usimtapishe mtoto. Chukua pakiti au bahasha yenyewe pamoja na tembe zilizobaki uende nazo katika kituo cha afya kilicho karibu, maana tukiiona dawa tunajua la kufanya, na tukiambiwa tu "ni zile nyeupe" tunabaki kupapasa. Aliyekuwa na usingizi usio wa kawaida, jasho jingi, degedege, au anayepumua kwa shida, asingojee mpaka asubuhi. Usiitupe ile bahasha kwa aibu au kwa kuogopa kumtia mtu matatani. Ina kazi.

Yule Mzee wa Mbololo bado huja kliniki. Siku hizi kabla hajaniamkua vizuri huwa ameshapanga pakiti zake zote juu ya meza yangu, akavaa miwani na kuanza kuzisoma moja baada ya nyingine, kidole kwenye silabi. Nikimaliza kumwandikia, hainuki. Hunigeuzia ile karatasi na kusema, "Haya, daktari, nisomee ulichoandika."